Trekta Nililolivisha Nguo

Kosa langu la kwanza kwenye trekta lilikuwa la kujaza. Bakuli la oili la chujio la hewa lina mstari ndani yake, umechongwa kuzunguka ukuta, na oili inatakiwa ifike hapo iishie hapo. Mstari niliuona. Niliusugua hata, ukang'aa. Kisha nikamimina oili mpaka ukingoni, kwa sababu nilijiambia kwamba kama oili ya kufika kwenye mstari inasafisha hewa vizuri, ya kujaa bakuli itasafisha vizuri zaidi. Mtu anayetaka kila kitu kiwe sawasawa ndivyo anavyofikiri, na ndivyo anavyoharibu.

Nikawasha. Injini ikaunguruma kama kawaida, halafu ikaanza kupandisha sauti yenyewe, bila mtu kukanyaga mafuta. Ilikuwa inafyonza oili kutoka kwenye bakuli na kuichoma kama dizeli. Moshi wa buluu ukafunika uwanja mzima. Nikavuta waya wa kuzimia, haikuzima. Nikavuta tena kwa nguvu, waya ukang'oka nikabaki nao mkononi. Nikafanya kile ambacho hakuna kitabu cha ufundi kinachokielekeza: nilikimbia na ule waya, nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Aliyeliokoa trekta ni mwenye trekta, Shangazi Somoe, dada yake baba, aliyenilea. Alikuwa anaanika korosho. Alichukua gunia lililolowa, akatembea mpaka kwenye trekta bila haraka, akalibandika gunia juu ya kile kichwa cha bomba kinachoingiza hewa na kulikandamiza, kama mtu anayefunika sufuria isichemke ikamwagika. Injini ikakohoa, ikatikisika, ikazima.

"Toka huko chooni," akasema.

Nikatoka.

"Umelinywesha nini?"

"Oili, Shangazi."

"Nani amekwambia linanywea puani?"

Mwenye akili angetoka pale na somo moja rahisi: trekta linapumua, na ukilifunika pua linakufa. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mwenyewe, mchana kweupe. Mimi nilitoka na somo jingine kabisa, kwamba chujio la hewa ni kitu cha kuogopwa. Msimu uliofuata karibu nitufanye tulipoteze trekta kwa hofu hiyo, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Najua sina umri wa kuitwa mstaafu. Mvi sina, na wazee wa hapa Somanga wakinisikia nikisema "enzi zangu" wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini nimeshuka kwenye trekta na sitalipanda tena kwa kazi, kwa sababu kiti chake hakikuwa na springi na mgongo wangu ulikuwa ndio springi. Sasa nina kibanda cha vipuri kando ya barabara kuu, na nyinyi vijana mnaokuja kununua mpira wa hewa au bendi ya kukazia mnaniuliza maswali yaleyale. Mnauliza kwa sauti ya chini, mkitazama pembeni, kama mtu anayemuuliza mfamasia habari za fangasi. Msione aibu. Hakuna ujinga wa trekta ambao mimi sikuufanya kabla yenu, tena kwa bidii.

Mimi ufundi sikusomea. Nilijifunza kwenye simu. Trekta letu ni la zamani, kuukuu kuliko mimi, na mafundi pekee niliowaona wakilifungua trekta la aina hiyo kwenye video walikuwa Wahindi wa huko kwao, wakizungumza lugha ambayo sikuijua hata neno moja. Nikawa nafuata mikono. Wakifungua hapa, nami nafungua. Wakipangusa pale, nami napangusa. Mmoja wao, mzee mwenye kilemba, kila akimaliza kazi aligusa boneti kwa vidole kisha akagusa paji la uso wake. Na mimi nikawa nafanya vivyo hivyo kila nikimaliza, nikiamini ni hatua ya mwisho ya kufunga chujio. Siku moja nilisahau kufanya hivyo, nikarudi kutoka njiani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuja kuligusa trekta na kugusa paji la uso.

Shangazi aliniona. "Umerudi kufanya nini?"

"Nilisahau kulimalizia."

"Unaliaga?" akauliza. "Au mmechumbiana?"

Baadaye nilipata mwalimu wa kweli, Fundi Issa wa Nangurukuru, anayetengeneza kila kitu kinachotoa moshi. Yeye hakuwa na maneno mengi, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa matusi, lakini aliyonifundisha kuhusu chujio ndiyo ninayowapa nyinyi leo bila malipo.

Chujio la zamani la oili halina karatasi ndani kama yale mapya. Hewa inaingia juu, inashuka kwa bomba la katikati kwa kasi, inagonga oili iliyo kwenye bakuli chini, halafu inageuka ghafla na kupanda. Vumbi ni zito, haliwezi kugeuka ghafla namna ile, kwa hiyo linanasa kwenye oili. Lile dogo lililoponyoka linanasa kwenye wavu wa nyuzi za chuma ulio juu ya bakuli, ambao nao umelowa oili. Hewa inayofika kwenye injini inakuwa imeacha mizigo yake yote nyuma. Ndiyo kazi yake, haina uchawi mwingine.

Kulitunza, egesha trekta mahali pa tambarare, injini ikiwa imezima na imepoa. Fungua bakuli taratibu, mwaga oili chafu kwenye kopo, usimwage ardhini. Kwangua lile tope la chini. Osha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa, na kama unavuta sigara kavutie kwa jirani. Acha wavu uchuruzike mpaka ukauke, maana mafuta ya taa yakibaki yataingia kwenye injini. Kisha weka oili mpya, ileile ya injini, mpaka kwenye mstari. Nasema tena kwa faida ya wenye tabia kama yangu: mpaka kwenye mstari. Halafu pitisha mkono kwenye mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, uone kama umepasuka au bendi imelegea. Mpira ukipasuka hapo, chujio lako hata ulioshe kwa maji ya waridi halitasaidia, vumbi litapitia mlango wa nyuma.

Mwezi wa kupulizia salfa mikorosho nilipata nafasi ya kuona chujio likifanya kazi kweli. Tulikuwa tunavuta trela la mapipa na watu wenye mashine za mgongoni, unga wa njano umetanda shamba zima, sisi wote tumekuwa kama watu waliopakwa bizari tayari kwenda kikaangoni. Nilipofungua bakuli jioni, oili ilikuwa imegeuka uji wa njano mzito, kijiko kinasimama. Nilipiga picha nikamtumia Fundi Issa, nikiwa nimeingiwa na woga.

Akanipigia simu. "Una tatizo gani?"

"Fundi, si unaona lilivyochafuka?"

"Naona. Sasa ulitaka uchafu ukae wapi?"

Hilo nalo lilikuwa somo zuri, na hilo nalo sikulipokea. Kichwani mwangu nilibaki na ile picha ya njano. Nikaanza kuwaza kwamba kama kiasi hiki kimenaswa, basi kiasi gani kimepita? Usingizini niliona punje za mchanga zikisaga silinda. Nikawa nafungua chujio asubuhi, mchana, na jioni. Kila ukilifungua unafungua nafasi ya vumbi kuingia, na kila ukilifunga unaweza kulifunga vibaya, lakini mimi nilijiona mtunzaji hodari kuliko wote wa wilaya ya Kilwa.

Basi ukafika msimu wenyewe. Trekta lilikuwa ndilo pekee kijijini kwetu, kilomita kadhaa ndani kutoka barabara ya lami. Liliachwa na marehemu mume wa Shangazi. Lilikuwa limeanza kuchoka, na kila mwaka lilitaka kitu kipya. Shangazi akaniita, akaniambia wazi, mbele ya jiko, huku akipuliza moto.

"Sikiliza, Shaibu. Shamba la ufuta likilimwa na trekta hili kabla ya mvua, trekta linabaki. Likishindwa, namwita yule wa vyuma chakavu alichukue. Mimi siwezi kufuga mgonjwa."

"Halitashindwa, Shangazi."

"Mimi sisemi na wewe. Nasema nalo, wewe nakutuma tu."

Shamba lile likilimwa kwa jembe la mkono lingetumaliza mgongo sote, na nusu yake ingebaki pori. Halafu kulikuwa na mimi mwenyewe. Bila trekta mimi nilikuwa nani? Kijana anayejua kuosha bakuli. Nikaapa kwamba hakuna punje moja ya vumbi itakayoingia kwenye injini ile msimu huo.

Vumbi la mwezi wa kumi na moja kwetu mnalijua. Ardhi imekauka, mvua haijaja, jembe la trekta likigusa tu udongo unapanda kama moshi. Siku ya kwanza nililima robo ya shamba, nikafungua bakuli, nikakuta tope. Kiwango cha kawaida kabisa, nasema sasa. Siku ile nililiona tope lile kama hati ya kifo. Nikakaa nikafikiri, nikaona kinachohitajika ni chujio la kuchuja kabla ya chujio.

Jikoni kwa Shangazi, msumarini, kilikuwa kinaning'inia kifumbu chake cha kuchujia tui. Kile kilikuwa kifumbu maarufu. Alikisuka mama yake, kimekaza vizuri, tui linalotoka humo halina hata chembe ya nazi. Nilikitazama. Nikajiambia kwamba kama chembe ya nazi haipiti, vumbi litapitia wapi? Nikakichukua, nikakivisha juu ya kichwa cha kuingizia hewa, nikakifunga kwa kamba. Kikakaa sawasawa kama kofia ya mtoto.

Kesho yake trekta likalima, ila kwa uvivu kidogo. Nikafikiri vumbi limeshapenya. Nikaongeza kipande cha chandarua juu ya kifumbu. Likazidi kuchoka, likaanza kutoa moshi mweusi. Nikafikiri, hili vumbi la mwaka huu ni kali. Nikaongeza kipande cha kanga, nikakikunja mara mbili. Mnaona mwelekeo wangu. Kadiri lilivyozidi kukosa pumzi ndivyo nilivyozidi kulikaba, kwa upendo.

Shangazi hakuona, kwa sababu shambani alikuwa haji, alikuwa anahangaika na korosho. Nyumbani nilikuwa nalifunika trekta lote kwa turubai. Alichokiona ni kwamba kifumbu kimepotea. Alimshuku paka. Kisha akamshuku mke wa jirani, wakanuniana kisimani. Kwa siku zote hizo tulikula wali mkavu na samaki wa kuchoma, na kila jioni alisema, "Aliyekichukua kile kifumbu, tui limkwame," nami nikajibu, "Amina, Shangazi," kwa unyenyekevu.

Nikampigia Fundi Issa. Alikuwa Lindi mjini kwenye harusi ya mpwa wake, ngoma zinasikika nyuma yake.

"Linatoa moshi gani?"

"Mweusi."

"Mweusi maana yake halipati hewa ya kutosha. Umeangalia chujio?"

"Safi kabisa, fundi. Nimeliosha leo asubuhi na mchana."

"Kuna kitu kimeziba njia?"

Nikafikiri kwa dhati. "Hapana. Hakuna kilichoziba."

Nilikuwa nasema kweli kama nilivyoielewa. Nguo zile sikuzihesabu kuwa zimeziba. Nilizihesabu kuwa ni kinga. Fundi akasema basi huenda ni pampu ya dizeli, na hilo ni jambo kubwa, akaniombea dua, akarudi kwenye ngoma.

Shamba lilikuwa limefika nusu. Upande wa baharini mawingu yakaanza kujikusanya. Trekta likazima katikati ya tuta, likawaka, likazima tena. Nikalirudisha nyumbani likitambaa, kuku wakilipita. Shangazi akatoka hadi kizingitini tu, akasikiliza mlio, akanitazama mimi, akaingia ndani kuchukua simu.

"Shangazi, unampigia nani?"

"Unajua nampigia nani."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa Kiswere akikusanya injini mbovu za boti, akasema atapita kesho yake. Siku hiyo sikula. Shangazi akadhani ni kwa sababu ya wali mkavu.

Alfajiri nililifunua trekta nikaliwasha, nikiwa na matumaini ya kijinga kwamba limepumzika likapona. Liliwaka, likakohoa moshi mweusi, likawa linanguruma kwa shida pale uwanjani kama mtu mwenye pumu. Nikaliacha hivyohivyo, kwa kuogopa kwamba nikilizima halitawaka tena. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kibao chake kando, mgongo kwa trekta, anachagua korosho.

Wa kwanza kufika hakuwa wa vyuma. Alikuwa Mtani Bakari, kutoka Kipatimu, na kikapu cha machungwa kichwani. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa babu zetu. Nyinyi wa mjini huenda mmeanza kusahau, kwa hiyo niseme: mtani akija kwenye msiba wako ana haki ya kucheka, kumuigiza marehemu, kulalia kaburi, na kuchukua kitu cha marehemu akaondoka nacho, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unachekesha watu na bado kitu kimechukuliwa.

"Shikamoo, Bi Somoe," akasema.

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Habari za msiba hazihitaji mtu kuitwa. Nimesikia njiani kwamba trekta liko mahututi, nikasema niwahi nipate nafasi ya mbele."

"Halijafa."

"Ndiyo maana nikasema niwahi."

Akaweka kikapu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia. Alilia vizuri mno. Alizunguka trekta akichechemea, akaiga kukohoa kwake, akataja mashamba liliyolima na yule bwana harusi liliyemmwaga mtaroni. Majirani wakaanza kusogea. Mke wa jirani, yule wa kununiana, naye akaja, akasimama mbali kidogo akijizuia kucheka.

"Marehemu alikuwa mkimya," Mtani akawaambia watu, "isipokuwa akiwaka."

"Bakari, nina kazi," Shangazi akasema, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakati huo lori la vyuma likaingia. Mnunuzi akashuka, kijana mnene mwenye mizani begani, akasimama akishangaa. "Samahani, kuna msiba?"

"Upo," Mtani akajibu. "Kaa huku kwa wanaume."

Yule kijana akakaa. Mizani akaiweka magotini.

Mimi nilisimama kando ya gurudumu. Mtani akafika mbele ya trekta, akainua macho, akaona kile kichwa cha kuingizia hewa kilivyofungwa. Akageuka kwa watu taratibu.

"Jamani. Mmemvisha sanda akiwa hai?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Mtani, hiyo ni kinga ya vumbi, usiiguse."

Hilo lilikuwa kosa. Mtani ukimwambia asiguse kitu umeshampa.

"Nguo za marehemu ni zangu," akasema. "Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Haiwezekani kubisha. Akakwea juu ya gurudumu la mbele, akafungua kanga, akajifunga kiunoni. Trekta likavuta pumzi kidogo. Akafungua chandarua, akajitanda kichwani kama bibi harusi. Mlio ukapanda. Kisha akashika kamba ya mwisho, akaivuta kwa meno, akakichomoa kifumbu.

Injini ikanguruma. Moshi mweusi ukakatika palepale kama mtu amefunga bomba. Mlio ukawa mzito, wa kujaa, wa zamani, ule niliokuwa sijausikia kwa wiki nzima. Kuku wakatawanyika. Mtani akaanguka kutoka kwenye gurudumu, akakaa chini na chandarua chake, kifumbu mkononi.

Shangazi aligeuka. Mimi nilifikiri anatazama trekta.

"Kifumbu changu," akasema.

Akanyanyuka, akapita mbele ya trekta lililofufuka bila kuliangalia, akakichukua kifumbu mkononi mwa Mtani, akakigeuza. Kilikuwa cheusi kwa vumbi. Kisha akamtazama jirani yake, wakatazamana muda, halafu wote wawili wakanitazama mimi.

"Shaibu."

"Naam, Shangazi."

"Ulisema amina."



Mnunuzi wa vyuma akasimama, akasafisha koo. "Mama, mimi nimekuja kwa ajili ya trekta."

"Trekta gani?"

"Hili. Jana kwenye simu uliniambia limekufa."

"Jana lilikuwa limekufa," Shangazi akasema. "Sikiliza mwenyewe. Chakavu linasema hivyo?"

Kijana akasikiliza. Alikuwa mkweli, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hili ni zima."

"Basi na mizani umeshaileta. Nipimie korosho zangu, nijue kama wale wanaokuja kununua huwa wananidanganya."

Akampimia. Mtani akamlipa kwa machungwa, akisema ni chakula cha matanga.

Shangazi akaniambia nipande. "Nusu ya shamba imebaki na mawingu unayaona. Nenda. Na usilivishe kitu, hata leso."

Vijana wangu, sijawahi kuogopa kama siku ile. Nililima likiwa uchi. Vumbi lilipanda juu yangu, likaingia masikioni, likanijaa kwenye meno, na kila pumzi ya injini niliisikia kama ni ya kwangu. Mwisho wa kila tuta mkono wangu ulitaka kusimamisha nikafungue bakuli. Shangazi alikuwa amekuja kukaa pembezoni mwa shamba, makusudi, na kila nikipunguza mwendo alinyanyua kifumbu hewani nikione. Nikaendelea. Trekta lilivuta jembe kama halijawahi kuugua, udongo ukigeuka nyuma yake mweusi na mzuri. Tuta la mwisho nililimaliza jua likiwa bado juu kidogo, nikaegesha mahali pa tambarare, nikazima.

Nikasubiri lipoe. Nikafungua bakuli. Chini kulikuwa na tope zito, zaidi ya siku yoyote iliyopita. Juu yake oili. Nikalegeza bendi, nikatoa ule mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Nikafuta kidole changu kwenye shati, na kwa kuwa shati lilikuwa chafu zaidi ya kidole, nikamwomba Shangazi upindo wa kanga yake. Nikakipitisha kidole ndani ya bomba, mzunguko mzima, nikakitoa.

Kilikuwa kisafi. Kimeng'aa kidogo kwa oili, basi. Hakuna hata punje.

Nilikitazama kile kidole mpaka Shangazi akachoka kusubiri.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

"Ndiyo."

"Na kile kilichokuwa kinalitunza trekta siku zote ni nini?"

"Ni hilo bakuli."

"Basi lioshe, twende nyumbani. Leo napika wali wa nazi."

Usiku ule mvua ikanyesha. Ufuta ulipandwa shamba zima, na trekta halikuuzwa.

Nililiendesha misimu mingine kadhaa baada ya hapo, mpaka mgongo ulipokataa. Wakati wa vumbi nilikuwa naosha chujio kila jioni, mara moja, nikafunga, nikaondoka. Wakati wa masika nililiangalia kila nilipoona oili imebadilika rangi. Mara mbili nilishindwa kulala nikiwaza bendi haijakaza, na mara zote mbili ilikuwa imekaza. Anayeliendesha sasa ni Mwanaidi, binti wa Shangazi. Nilimwonyesha mstari, nikamwonyesha jinsi ya kupitisha kidole, basi. Juzi alipita hapa mbele ya kibanda changu akivuta trela la magunia, vumbi limemfunika hadi kope. Akanipungia mkono nami nikampungia. Sikumsimamisha.